Bawa limegusa mkia, kosa la nani? Maswali yenu ya urubani

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kitu kimoja, ndege ndogo za mafunzo kugongana zikiwa bado chini, zinateksi tu, yani zinatembea ardhini, ranwei yenyewe, ile njia ya kurukia na kutua, hazijafika. Sijui huko mashuleni kuna nini ila naona mmechokozana. Mengine nimeyafupisha, majina ya shule nimeyatoa yote, hilo msininunie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nasomea urubani hapa Nairobi, uwanja wa Wilson. Juzi tulikua tunatoka maegesho na Cessna 172, mimi kiti cha kushoto, instrakta kulia anaandika andika kwenye karatasi yake. Nilifata mstari wa njano vizuri kabisa sijatoka hata kidogo, bawa la kulia likagusa mkia wa ndege nyingine iliyoegeshwa. Sasa yeye anasema kosa langu kwa sababu mimi ndo nilikua naendesha, mi nasema nilikua kwenye mstari. Nani mwenye kosa? Na ukweli saivi naogopa hata kuisogeza. (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Wote wawili mna lenu hapo ila lake ni kubwa kuliko lako. Ndege ya mafunzo ikiwa na mwalimu ndani basi mwenye ndege ni mwalimu, yeye ndo rubani anayewajibika hata kama mikono yake iko mapajani, ndo kazi anayolipwa. Kuandika karatasi huku ndege inapita katikati ya mikia ya watu alafu badae useme mwanafunzi ndo alikua anaendesha, hiyo mi siikubali hata kidogo, na mchunguzi yeyote akikaa na nyie mezani atamuuliza yeye kwanza.

Sasa njoo kwako. Huo mstari wa njano umeuamini kupita kiasi. Mstari unakwambia gurudumu la pua lipite wapi, basi, haujui kwamba jana jioni kuna mtu kaegesha vibaya kaacha mkia umetokeza njiani, haujui wewe unaendesha ndege ya upana gani. Na muongoza ndege kule mnarani usifikiri anakupimia, yeye akikuruhusu uteksi anakupa njia ya kupita, bawa lako analiona dogo tu kwa mbali au halioni kabisa, na kwa mpangilio wa kimataifa maegesho hayamo kwenye lile eneo ambalo kazi ya mnara ni kuhakikisha ndege haigongi kitu kilichosimama. Kule maegesho macho ni yako.

Cessna 172 ina mita 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, yani mita tano na nusu kila upande wa pua. Cessna 152 ni mita 10 na kidogo, Piper Warrior kama 10.7. Sasa mtu kaanza na 152 kazoea kupita sehemu fulani kila siku bila shida, wanamhamishia kwenye 172, kila upande bawa limeongezeka karibu nusu mita na hakuna aliyemwambia, na hiyo nusu mita ndo mkia wa mtu mwingine. Alafu ukiwa umekaa kushoto ncha ya kulia unaitazama kwa mshazari, inakudanganya, unaona kama imeshapita kumbe bado. Fanya hivi siku moja injini imezimwa: kaa kwenye kiti chako, mwambie mwenzako asimame chini kabisa ya ncha ya kulia, alafu atembee mbele taratibu na wewe utazame anaonekana wapi kwenye dirisha, weka alama kichwani. Badilisha upande. Hili zoezi ni la bure na sijawahi kuelewa kwa nini shule nyingi hazilifanyi siku ya kwanza kabla hata ya kumfundisha mtu kuwasha. Kivuli nacho kinasaidia kwetu huku karibu na ikweta, saa sita mchana kivuli cha bawa kiko chini yake karibu kabisa, ukiona kivuli kimegusa kivuli cha mwenzako simama. Ila saa moja asubuhi usikiamini hata kidogo, kinalala mbali huko.

Na muwe mnagawana upande kwa mdomo. Wewe unasema kushoto peupe, yeye anajibu kulia peupe, akinyamaza unasimama, hata kama ni mwalimu mkuu wa shule. Anataka kuandika? Aandike ndege imesimama.

Ukiwa na shaka kidogo tu na nafasi, usijaribu. Simama, zima injini, shukeni, chukueni kile chuma cha kuvutia gurudumu la pua, sukumeni kwa mkono, ikiwa tupu ni kama kilo 700 tu inatembea vizuri watu wawili. Watu wa maegesho watawacheka kidogo. Waache wacheke.

Na kama imeshagusa, mnazima pale pale, vuta ile nobu nyekundu ya mikscha inayokata mafuta, magneto (zile za cheche za injini) ofu, masta swichi ya umeme ofu, waambie mnara kabla hujazima redio, na msiirudishe nyuma wala kuivuta mpaka imepigwa picha na fundi kaja. Nimeandikiwa na watu wanaosema eti ilikua mkwaruzo tu tukaendelea na somo. Mkwaruzo kwenye ncha ya bawa unaweza kuwa umevuta bawa zima kwa ndani, na mkia ndo mbaya zaidi kwa sababu ule mkono wa mkia ni mrefu, ukisukumwa ncha yake nguvu inaenda kuumiza bawaba na vishikio vya mbele usivyoviona. Ile ndege ya pili pia, iliyogongwa, mwenyewe lazima ajue kabla hajaruka nayo, hii ni muhimu kuliko ugomvi wenu wa kosa la nani.

Kitu kingine kinachochanganya watu: kwa tafsiri ya kimataifa, Kiambatisho namba 13 cha shirika la anga la umoja wa mataifa, uharibifu ulioishia kwenye ncha za mabawa, propela, matairi, breki au mabonde madogo ya bati haufanyi tukio liitwe ajali. Kuna wanaolisoma hilo wakaona basi hakuna haja ya kuripoti. Hapana. Haliitwi ajali lakini bado ni tukio na mamlaka wanalitaka, Kenya au Tanzania au Uganda kote ni hivyo hivyo, na shule iliyozoea kuficha matukio madogo mi mtoto wangu simpeleki.

Uoga wako utaisha, omba tu kipindi kimoja cha kuteksi peke yake sehemu ya wazi, hakuna kuruka, lipia nusu saa, tembea huku na huku kata kona.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mwanangu yuko chuo cha urubani, likizo kaja nyumbani ananiambia ndege ikiwa chini unaiendesha kwa miguu na ule usukani haufanyi kitu, na breki pia ni kwa miguu hiyo hiyo. Nikajua ananifanya mimi mshamba. Ni kweli? (Mzazi, Tanga)

JIBU: Salama mama au baba, hukusema. Mtoto hajakudanganya. Ule usukani wa mkononi unazungusha vibawa vya nyuma ya mabawa na mkia kwa ajili ya hewani, chini ukiuzungusha ndege inaendelea tu kule ilikokua inaenda. Na hapa ndo ajali nyingi za wanafunzi wapya zinapoanzia, maana aliyeendesha gari miaka kumi akiona ukuta unakuja mikono inakata kona yenyewe kabla kichwa hakijafikiri, anazungusha mpaka mwisho, haigeuki, anashtuka anazungusha zaidi, kumbe miguu imelala tu. Kwa kawaida mwalimu mzuri masomo ya mwanzo anamwambia mwanafunzi aweke mikono mapajani kabisa, aendeshe kwa miguu tu.

Pedali zenyewe ziko mbili. Ukisukuma ya kulia kwa sehemu ya chini, ndege inaenda kulia. Sehemu ya juu ya pedali hiyo hiyo ukiikandamiza kwa vidole ndo breki ya gurudumu la kulia, kushoto vile vile. Sasa mtoto mwenye viatu vizito au aliyeweka mguu juu sana, anataka kugeuka kidogo kumbe anafunga breki upande mmoja, ndege inazunguka ghafla, anashtuka anakandamiza upande wa pili, inarudi, inaenda inayumba hivyo mpaka ikutane na kitu. Dawa yake kisigino kiwe sakafuni muda wote na vidole vipande juu pale tu unapotaka breki. Halafu kuna wale wanaoteksi wameongeza moto wa injini huku wamekanyaga breki ili isikimbie, breki zinachemka, unakuja kuzihitaji hazipo. Spidi inapunguzwa na mkono wa injini kwanza, breki badae.

Cessna 172 gurudumu la pua linageuka kama nyuzi 10 kwa pedali peke yake, ukisaidia na breki ya upande mmoja linafika nyuzi 30, kwa hiyo anayeteksi kwa pedali tu anashangaa kona inakua pana kuliko alivyodhani, na upana huo ndo unaompeleka kwenye bawa la jirani. Kuna ndege nyingine, Diamond DA40 na Cirrus kwa mfano, gurudumu la pua halijaunganishwa na pedali kabisa, linazunguka huru kama la kigari cha supamaketi, zile unazigeuza kwa breki tu na ukiwa spidi ndogo mno zinasumbua. Mtoto akihama shule muulize atatumia aina gani.

Piper za zamani kuna jambo la kuangalia pia, nyingi zilitoka kiwandani breki za vidole upande wa kushoto tu, mwalimu kulia kabaki na mkono wa hendibreki katikati. Anaweza kusimamisha ndege ndio, lakini inabidi aufikie kwanza, na anasimamisha magurudumu yote mawili kwa pamoja hawezi kuigeuza. Mwalimu anayefundisha kwenye hiyo na mkono wake hauko karibu na hendibreki maegeshoni, mi ningemwambia ukweli wake.

SWALI: Tukiwa kwenye ranapu ndege ilisogea yenyewe ikafika karibu kabisa na ya mbele yetu, propela ilibaki hatua chache tu. Hendibreki ilikua imevutwa!! Nani alaumiwe, fundi? (Msomaji, Dar)

JIBU: Fundi aiangalie ndio, ila hendibreki ya ndege ndogo usiikabidhi roho yako. Ranapu ni pale mnapopandisha injini kabla ya kwenda ranwei, Cessna 172 mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika kutegemea na modeli, mnazima magneto moja moja mnatazama saa za injini, yani vile vipimo vya dashibodi. Yani ni dakika ambayo propela inavuta kwa nguvu kuliko muda wote mliokua chini, na ndo dakika hiyo hiyo vichwa vyote viwili vimeinama ndani vinasoma saa. Aliyeipanga hivyo sijui alifikiria nini, lakini ndo ilivyo, kwa hiyo tuishi nayo.

Kwanza sehemu. Usijipange nyuma ya mkia wa mtu ukiwa umeielekeza pua kwake, geuza kidogo pua itazame upepo na nyasi, ili hata breki zikifeli uende kwenye nyasi. Hakikisha gurudumu la pua limenyooka. Angalia na nyuma yako pia, upepo wa propela yako unampulizia nani mchanga. Pili vidole juu ya breki zote mbili hata kama hendibreki imevutwa. Tatu tafuta kitu pembeni, nguzo, taa ya ukingoni, tofauti ya rangi ya lami, ukipandisha injini unatazama hicho kwanza sio saa, kikianza kurudi nyuma basi ndege inatembea, punguza moto wa injini. Soma kipimo kimoja, inua macho, soma cha pili, inua macho. Cheklisti haina haraka.

Wanafunzi wa siku hizi wana tableti kwenye paja, ramani, hali ya hewa, kila kitu. Nzuri sana hewani. Chini ndege inatembea sitaki kuiona, na kubadilisha masafa ya redio huku unakata kona pia sitaki.

Na ingegusa? Propela ikigonga kitu, hata kama injini ilikua inanguruma polepole kabisa, kampuni ya Lycoming wanaotengeneza injini za nyingi ya ndege hizi wanataka injini ifunguliwe ikaguliwe ndani, sio kunyoosha propela ukaendelea. Ule mshtuko unarudi kwenye mhimili na gia za ndani, nyufa hazionekani kwa nje. Hiyo ni gharama ambayo shule ndogo inaweza isisimame tena. Na hapo nazungumzia chuma tu, kama kuna mtu alikua anatembea kati ya zile ndege mbili tungekua tunaongea mengine.

SWALI: Niko Florida nasoma, natokea Mwanza. Uwanja wetu una ranwei zaidi ya moja na muongoza ndege anaongea mfululizo kama mnadani, pita njia A halafu B halafu simama kabla ya ranwei fulani. Wiki iliyopita nusura niingie ranwei yenye ndege inatua. Nifanyaje? (Mtu wa kanda ya ziwa)

JIBU: Hili ndo swali zito kuliko yote ya mwezi huu, maana kugusa bawa maegeshoni ni hasara ila kupotea njia ukatokea ranwei ni msiba. Tarehe 8 Oktoba 2001, uwanja wa Linate, Milan, Italia, asubuhi kuna ukungu mzito. Ndege ndogo ya jeti Cessna Citation ya watu wanne ilipewa njia inaitwa R5, ikaingia R6. R6 inakata ranwei kuu. Njiani rubani akataja alama aliyoiona chini, S4, muongoza ndege hakuijua hiyo alama, haikuwepo kwenye ramani zake, rada ya chini ya uwanja ilikua haifanyi kazi, na mabango yalikua mabovu. Citation ikatokea ranwei wakati MD-87, ndege ya abiria ya shirika la SAS, iko kwenye mbio za kuruka. Walikufa watu 118, wakiwemo wanne waliokua chini kwenye jengo la mizigo. Wengi wanaikumbuka ajali ya kisiwa cha Tenerife ya 1977 na wale 583 waliokufa, na kule nako ndege moja ilikua inateksi juu ya ranwei kwenye ukungu ikapita kona iliyoambiwa ikatokee, lakini mi wanafunzi wangu nawapa ya Linate, kwa sababu aliyepotea alikua kwenye ndege ndogo kama wao.

Ona palipokua pa kuzuia. Mtu haelewi alipo, anasema kitu kisichoeleweka, na hakuna anayesema simama. Kwa hiyo wewe ukiwa huelewi upo wapi, unasimama hapo hapo, isipokua kama upo juu ya ranwei, hapo unatoka kwanza. Alafu unasema kwenye redio sijui nilipo. Marekani wana utaratibu mzuri, unaweza kuwaambia mnara kwamba wewe ni mwanafunzi na wanapunguza mwendo wa maneno, na unaweza kuomba uelekezwe hatua kwa hatua, anakwambia geuka hapa, sasa nyoosha, sasa simama. Hakuna aliyefukuzwa shule kwa kuomba hivyo. Vijana wetu wanaona haya, lafudhi na nini, wanasema nimeelewa wakati hawajaelewa, na hiyo aibu ndo inayowapeleka kwenye ranwei.

Vingine vya kufanya: maagizo yaandike kwanza ndege imesimama, ramani ya uwanja ifate kwa kidole kabla hujaachia breki. Ukiambiwa usimame kabla ya ranwei fulani lazima uirudie hiyo sentensi kwa redio pamoja na jina la ndege yako, kusema sawa peke yake hakutoshi. Na kule Marekani tangu 2010 kila ranwei unayokata inahitaji ruhusa yake mwenyewe, kupewa njia ndefu hakumaanishi umeruhusiwa kukata ranwei zilizo katikati. Kwenye lami utakuta mistari minne ya njano imelala kukata njia, miwili mizima miwili ya vipande. Ukikutana na ile mizima kwanza, simama, huvuki bila ruhusa. Ukikutana na ya vipande kwanza maana yake unatoka ranwei, pita, na upite wote mkia usibaki ndani.

Na hata ukiwa na ruhusa, kabla pua haijavuka tazama kushoto tazama kulia hadi mwisho wa ranwei na hadi juu kwenye njia ya kutua. Naye muongoza ndege ni binadamu.

SWALI: Mnapokutana wawili njiani nani ampishe mwenzie? (Wa Moshi)

JIBU: Mkitazamana uso kwa uso wote mnasimama, au kama kuna nafasi kila mtu anaenda kulia kwake. Mkikutana kwa kukatana njia, anayemuona mwenzie upande wake wa kulia ndo anapisha. Anayepitwa ana haki ya njia. Anayeruka au anayekaribia kuruka anapishwa na wote wanaoteksi. Ila muongoza ndege akisema tofauti basi amri ni yake. Na haki ya njia haizuii bawa kuvunjika, kama mwenzio hakuoni mwachie.

SWALI: Spidi ya kuteksi ni ngapi? (Wa Moshi huyo huyo)

JIBU: Ya mtu anayetembea haraka kidogo. Maegeshoni punguza hata zaidi.

SWALI: Nimepata leseni na sasa kuna mtu Laikipia anataka nimrushie Super Cub yake, ile yenye gurudumu nyuma mkiani. Kuna tofauti gani chini? (Rubani mpya)

JIBU: Hongera. Tofauti ni kwamba pua iko juu mbele yako na sehemu ya mbele moja kwa moja huioni vizuri. Super Cub sio mbaya sana kwa hilo, zipo ambazo ukikaa unaona injini tu na mbingu. Ndo maana marubani wa ndege hizi wanateksi kwa kupinda pinda, kushoto kidogo kulia kidogo, kila pua ikihama wanatazama kilichokua kimefichwa. Ukiona ndege inaenda kama nyoka maegeshoni ujue rubani anafanya kazi yake.

Julai 2006 kwenye yale maonyesho makubwa ya ndege ya Oshkosh, Wisconsin, Marekani, ndege ya vita vya pili vya dunia aina ya Avenger, kubwa, pua juu, ilikua inateksi ikaipanda kwa nyuma ndege ndogo RV-6. Propela ya Avenger ikaingia kwenye RV-6 na abiria wake akafariki. Watu wengi wakisoma hii wanajifunza upande wa Avenger tu, mi nataka ujifunze na upande wa yule mdogo wa mbele. Ukiwa na Cessna yako na nyuma yako kuna ndege ya pua juu, usikae mbele yake umetulia, mwambie kwa redio nipo mbele yako, au mpishe apite. Yeye asiyekuona hawezi kujua kwamba hakuoni.

Na upepo. Gurudumu la mkiani linafanya ndege ipende kugeuka yenyewe ikisukumwa, kwa hiyo upepo ukitoka mbele vuta fimbo ya kuongozea nyuma na uilaze upande upepo unakotoka, ukitoka nyuma sukuma fimbo mbele na uilaze upande upepo unakoenda. Na usisogee nyuma ya ndege kubwa za propela kama Dash 8 au Caravan iliyowasha injini, huko kuna upepo wa kutengenezwa na hautabiriki. Omba masaa ya kutosha na mwalimu wa aina hiyo, wa Super Cub hasa, sio yeyote aliye huru jumamosi.

SWALI: Mimi sio rubani, nasaidia kwenye hanga Arusha, kusukuma na kuosha. Mara nyingi naona ndege ya wanafunzi inaelekea kugonga kitu na wao hawajaona. Naruhusiwa kuwasimamisha au nitaambiwa najitia? (Kijana wa hanga)

JIBU: Jitie mdogo wangu, jitie sana. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa ghafla na uipishanishe iwe msalaba, hiyo duniani kote ni simama sasa hivi, na rubani aliyefundishwa anasimama kwanza anauliza badae. Ila usikimbilie mbele ya ndege, propela inayozunguka haionekani, simama pale rubani anaweza kukuona, mbele kidogo ya ncha ya bawa na kwa pembeni, na kama huoni macho ya rubani basi na yeye hakuoni, hama. Akikasirika mwambie ni mimi niliyekwambia. Kwa kweli shule zingekua na akili zingemlipa mtu kama wewe kusimama kwenye ncha ya bawa kila asubuhi wakati ndege zote zinatoka kwa pamoja, ni nafuu mno kuliko bawa.

SWALI: Ikigongana chini bima inalipa? Shule yetu inasema mwanafunzi analipa. (Baba wa mwanafunzi)

JIBU: Soma mkataba aliosaini kijana, wengi wanasaini bila kusoma. Mikataba mingi ya bima ya ndege inatenganisha ndege iliyosimama, inayotembea chini na iliyo angani, na kile kiasi mnachobeba nyie kabla bima haijaanza kulipa kinaweza kuwa tofauti kwa kila hali, inayotembea huwa juu kuliko iliyosimama. Shule nyingi hicho kiasi ndo zinakirushia kwa mwanafunzi. Akiwa peke yake kwenye solo naweza kuelewa. Akiwa na mwalimu ndani, bishana, na uliza kwa maandishi.

SWALI: Mi mfupi, nikikaa kwenye Cessna sioni mbele juu ya dashibodi vizuri nikiteksi, naona haya kuuliza, naruhusiwa kuweka mto? (Dada wa Kisumu)

JIBU: Unaruhusiwa na wengi wanatumia, kwanza angalia kama kiti chenu kinapanda, vingine vina mkono wa kukizungusha chini yake. Kama hakipandi nunua mto mgumu, sio wa sponji laini unaobonyea, na usioteleza, mmoja wa chini na ikibidi mwembamba wa mgongoni ili pedali ufike mpaka mwisho zote mbili pamoja na breki, jaribu hilo injini imezimwa. Na kabla ya kuwasha jisukume nyuma kwa nguvu uone kama kiti kimefunga kwenye reli, viti vya Cessna vina historia ya kuteleza, kikirudi nyuma ndege inatembea miguu inaachana na pedali.